Muhugu Ndani ya Chupa

Kathini alikuwa mpishi, lakini chakula alichokipika hakikuwahi kuliwa na mtu. Alipikia mimea. Kila asubuhi, katika miaka ile ya tisini, alitoka nyumbani kwake Kariobangi Sauthi kwa miguu mpaka Baba Dogo, ambako maabara ndogo ilikuwa imebanwa katikati ya kiwanda cha misumari na ghala la magunia. Akifika huvaa koti jeupe na kofia ya kitambaa, akapima sukari, akapima chumvi za namna namna, akatia unga wa agari unaotengenezwa kwa mwani, kisha akakoroga juu ya moto mpaka uji ule uwe mwangavu. Uji uliingia katika chupa ndogo za kioo, na chupa zikaingia katika sufuria kubwa ya presha zichemke hadi kila kijidudu kife. Ukipoa, uji huganda kama jeli. Juu ya jeli hiyo ndipo walipopandikiza vipande vya mgomba vidogo kama ncha ya kidole, navyo vikaota bila udongo wala mvua.

Wenzake wa kwaya hawakuchoka kumtania.

"Kathini, wageni wako wameshiba leo?"

"Wameshiba," hujibu. "Na hawajaniachia hata kijiko cha kuosha."

Halafu hucheka, na kicheko chake kilijulikana mtaa mzima. Watu wa nyumba ya tatu wakikisikia walijua mama Wanza amerudi kutoka kazini.

Mumewe, Mwangangi, alikuwa mchongaji. Banda lao la wachongaji lilikuwa karibu na Gikomba, na humo alichonga twiga, vifaru, na wazee wenye fimbo ambao watalii waliwapenda sana. Mti wa kazi yake ulikuwa muhugu. Muhugu ni mgumu, unanukia ukikatwa, na ukishakauka hautikisiki. Tangu ujana wake Mwangangi hakuwahi kuuliza muhugu unatoka wapi. Magogo yalikuja tu na lori, kama mkate unavyokuja dukani. Sasa magogo yalikuwa membamba, yakitoka mbali zaidi kila mwaka, na siku nyingine lori lilileta mwembe au mwarubaini badala yake.

Jioni moja aliweka twiga juu ya meza ya chakula. Mguu mmoja ulikuwa na ufa kuanzia gotini mpaka kwatoni.

"Mwembe huu," alisema. "Nilimmaliza juzi, akiwa mzima kabisa. Leo mnunuzi amemshika, akalia kaa! kama biskuti."

"Kwani muhugu umeisha?"

"Haujaisha. Umekuwa kama yule binamu yangu wa Mombasa. Unasikia yupo, humwoni."

Kathini alicheka, lakini alipokuwa akiosha vyombo alikuwa bado akifikiria ule ufa. Mwangangi hakuwa mtu wa kulalamika. Akisema jambo kwa mzaha, mkewe alijua limemwingia.

Kesho yake alimwendea Daktari Khalayi, aliyeianzisha maabara ile. Khalayi alikuwa mwanamke mrefu kutoka Bungoma, msemaji wa taratibu, aliyesomea mambo ya mimea huko Uchina na kurudi na masanduku mawili ya vitabu na mazoea ya kunywa maji ya moto bila majani ya chai.

"Daktari, muhugu unaweza kuota kwenye chupa?"

Khalayi aliinua macho. "Sisi ni watu wa ndizi, Kathini."

"Najua. Lakini kuna zile chupa zinazobaki Ijumaa. Tunazimwaga tu."

"Miti migumu ina kiburi. Inatoa majani, halafu inakataa kutoa mizizi."

"Basi itoe majani kwanza. Mizizi tutaibembeleza baadaye."

Khalayi alitabasamu, na Kathini akalichukua tabasamu hilo kuwa ruhusa.

Mwangangi ndiye aliyetafuta mbegu ya kazi. Upande wa Karura, nyuma ya kanisa moja, kulikuwa na kisiki cha muhugu kilichoanza kuchipua upya. Aliomba ruhusa kwa mlinzi, akakata machipukizi machanga, akayafunga kwa gazeti lililoloweshwa maji. Aliyafikisha Baba Dogo akiwa amevaa koti lake la Jumapili, ameyabeba kwa mikono miwili kama mtu aliyepewa mtoto mchanga asiyemjua.

"Shikeni," alisema mlangoni. "Yamenifanya niogope hata kukohoa."

Ya kwanza yaliharibika yote. Ukungu ulitanda juu ya jeli, mweusi na wa kijivu, kwa sababu gome la muhugu huficha vijidudu ambavyo mgomba hauna. Kathini aliyaosha ya pili kwa muda mrefu zaidi katika dawa ya kung'arishia nguo, na baadhi yakafa kwa ukali wa dawa. Ya tatu yalisimama. Yakatoa majani ya kijani yaliyong'aa, yakagawanyika, yakaongezeka. Lakini Khalayi alikuwa amesema kweli: hayakuwa na mzizi hata mmoja. Yalikaa juu ya jeli kama maua yaliyochomekwa kwenye glasi kwa ajili ya arusi. Ukiyahamishia kwenye udongo, yanalala siku hiyo hiyo.

Hali ilikuwa hivyo mpaka Khalayi alipotoa kabatini kichupa cha rangi ya kahawia alichorudi nacho kutoka Uchina.

"Hii ni chumvi ya lanthani," alimwambia Kathini. "Lanthani ni moja ya yale madini yanayoitwa adimu. Kule nilikosoma, wakulima wananyunyizia ngano chumvi za madini haya, kidogo sana. Si chakula cha mmea. Mmea unaweza kuishi maisha yake yote bila kuionja. Lakini wapo wanaosema tone lake huamsha mizizi, na wapo wanaobisha. Nataka kuijaribu kwenye ndizi nione kwa macho yangu."

"Na muhugu?"

"Nilijua utasema hivyo."

Siku ya kwanza ya kupika ilikuwa na kioja. Kathini alitia chumvi ile pamoja na nyingine zote, akakoroga, na uji uliokuwa mwangavu ukaingia weupe mbele ya macho yake, na vumbi laini likatua chini.

"Daktari! Uji wangu umekatika kama chai iliyotiwa maziwa ya jana!"

Khalayi aliinama akatazama, kisha akajipiga paji la uso. "Kosa langu. Humu mna chumvi ya fosfeti. Lanthani ikikutana na fosfeti zinashikana na kuzama zote mbili, na mmea haupati hii wala ile. Tupunguze fosfeti, na lanthani tuichuje vijidudu peke yake, tuitie mwisho, uji ukishapoa kidogo lakini haujaganda."

Walifanya hivyo, na uji ukabaki mwangavu. Wakapanga chupa za migomba na za muhugu katika rafu nne. Ya kwanza haikutiwa lanthani kabisa, ili wapate cha kulinganisha nacho. Ya pili ilitiwa kidogo, ya tatu kiasi, ya nne nyingi. Khalayi aliandika herufi kwenye vifuniko. Kathini hakuzijali herufi. Rafu ya nne aliiita meza ya bi harusi mpya, kwa sababu bi harusi akipika mara ya kwanza mbele ya wakwe mkono hutetemeka na chumvi humwagika.

Wiki zikapita. Bi harusi mpya aliaibika kwanza. Migomba ya rafu ya nne ilianza kugeuka manjano, na vimizizi vyake vikawa vifupi, vya hudhurungi, kama vichwa vya vibiriti. Rafu ya tatu haikuwa na tofauti kubwa na ile isiyotiwa kitu. Lakini rafu ya pili, iliyopewa kidogo tu, migomba yake ilijaza jeli mizizi myeupe iliyosokotana kama nyuzi za sufi.

Kathini alikuwa anawasha taa asubuhi moja alipoinua chupa ya muhugu wa rafu hiyo, akaigeuza kuelekea dirishani. Chini ya shina kulikuwa na kitone cheupe. Alidhani ni ukungu. Akaitazama ya pili, ya tatu. Katika ile ya tatu kitone kilikuwa kimeshakuwa uzi.

Alipiga kelele moja, na wafanyakazi wa kiwanda cha misumari wakatoka nje wakiuliza moto uko wapi.

Khalayi alikuja na lenzi yake. Alitazama, akaigeuza chupa, akatazama tena.

"Ni mzizi," alisema mwishowe.

"Daktari, ni mzizi!"

"Ni mzizi, Kathini. Lakini tulia. Angalia na ile rafu isiyo na kitu. Umeona? Hata huko mihugu miwili imetoa. Kwa hiyo usiniambie chumvi imefanya yote. Tutarudia."

Kathini alikubali kwa mdomo. Moyoni alikuwa ameshafika nyumbani kumwambia Mwangangi.

Mwisho wa mwaka huo, tisini na saba, ndipo ile mvua kubwa iliponyesha kana kwamba imesahau kuacha. Mto Mathare ulibeba mabati, magodoro na kuku. Barabara za Baba Dogo zikawa tope. Paa la maabara lilianza kuvuja kona moja, kisha juu ya taa, na fundi wa umeme akasema pasipokuwa na paa kavu yeye hawashi kitu.

"Mimea hii ikikaa gizani itakufa," Khalayi alisema. Yeye mwenyewe alikuwa akiishi mbali, ng'ambo ya mji.

"Kwangu kuna stima na paa halivuji," alisema Kathini. "Na chumba cha Wanza kiko wazi, yuko shule ya bweni."

Walimwita Njogu, kijana wa mkokoteni. Alipoona makreti ya chupa zenye jeli, alikuna kichwa.

"Niaje, mathee? Hii ni jam ya msee gani?"

"Ya watu wasiokula. Sukuma polepole, ukimwaga utanijua."

Alizisukuma polepole kweli, akikwepa kila shimo, huku Kathini akitembea kando na mwavuli alioikingia mimea badala yake mwenyewe. Mwangangi alikuwa ameshapelekewa habari. Tangu mchana alikuwa akipigilia mbao, na walipofika, chumba cha binti yao kilikuwa na rafu mpya kutoka sakafuni hadi darini, na taa ndefu za tyubu zimening'inizwa kwa waya. Usiku huo dirisha lao liliwaka weupe hata majirani wakatoka kutazama.

"Jirani," aliita Kadija, aliyeishi mlango wa pili na kuuza mahamri asubuhi, "nyumba yenu yang'aa kama duka la sonara! Mwafanya biashara gani tusiyoijua?"

"Ingia uone, dada."

Kadija aliingia, akazunguka, akanyoosha kidole. "Hawa wadogo wangu wamelala kwenye jeli. Mashaallah. Mimi hata kitanda changu hakina raha hii."

Katika nyumba hiyo hiyo alikuwamo mama yake Mwangangi, Mbeti. Alikuwa amekuja kutoka Kangundo kutibiwa jino, mvua ikakata barabara, akabaki. Alikuwa mwanamke mdogo wa mwili, mwenye mikono isiyotulia. Alishafagia kila kona, akashona kila kifungo kilicholegea, na sasa hakuwa na la kufanya isipokuwa kukaa mbele ya chupa na kuzitazama.

Siku moja mchana Kathini alirudi kutoka kusafisha maabara, akaingia chumbani na kusimama mlangoni. Vifuniko vya rafu ya pili vilikuwa vimepangwa vizuri juu ya kitambaa safi. Chupa zote zilikuwa wazi. Mbeti alikuwa ameshika kikombe cha maji.

"Mwaitu," alisema Kathini, kwa kuwa ndivyo alivyomwita mama mkwe wake kwa Kikamba, "umefanya nini?"

"Nimewapa hewa, mwanangu. Vitoto vimefungiwa mpaka vioo vinatoka jasho. Mimi ningekuwa humo ningepiga mayowe. Na maji nimevipa, kila kimoja kwa zamu yake."

Kathini alizihesabu chupa zilizo wazi. Ilikuwa rafu ya pili, ile yenye mizizi. Hewa ya chumba imejaa vijidudu, na jeli yenye sukari ni karamu yao. Siku mbili au tatu hivi, chupa zote zingefunikwa na ukungu. Lakini angemwambiaje mama aliyemlea mumewe? Alitoka akaenda jikoni, akashika sufuria tupu, akaikumbatia kifuani. Kadija alikuja kuomba kiberiti, akamkuta hivyo.

"Kuna msiba?"

Kathini alimweleza kwa kunong'ona. Kadija akafunika mdomo kwa mtandio, na Kathini hakujua kama analia au anazuia kicheko. Kisha naye mwenyewe, huku machozi yakimtoka, akaanza kucheka. "Amevinywesha kwa zamu," alisema. "Kwa zamu, Kadija!"

Alikimbia kwenye kibanda cha simu akampigia Khalayi. Kufikia saa kumi Khalayi alikuwa mlangoni, gambuti zake zimejaa tope hadi magotini. Wakati huo Mbeti alishaelewa kwamba kuna jambo. Alikuwa amekaa kitandani, mikono yake imetulia kwa mara ya kwanza tangu afike.

"Niambieni kweli," alisema. "Nimeviua?"

Khalayi alichuchumaa mbele yake. "Hapana, mama. Umeviharakisha tu. Tulitaka vikae humo kidogo zaidi. Sasa lazima vitoke leo."

"Vitoke viende wapi?"

"Kwenye udongo."

Mbeti aliinuka. "Mngeniambia udongo tangu mwanzo. Udongo ninaujua."

Jioni hiyo nyumba ya Mwangangi iligeuka kitalu. Mwangangi alichekecha mchanga na samadi iliyokauka. Kadija alipita mlango kwa mlango akiomba pakiti za maziwa zilizotumika, zile za pembe tatu, akarudi na kikapu tele na wanawake wawili waliotaka kuona kinachoendelea. Khalayi alichomoa miche kwa koleo ndogo, mmoja mmoja. Mbeti aliketi mbele ya karai la maji ya uvuguvugu akiosha jeli kwenye mizizi, maana jeli ikibaki ukungu utaifuata hadi udongoni. Vidole vyake vilivyokuwa vimezoea miche ya miembe havikuvunja mzizi hata mmoja. Kathini alipanda, akafunika kila pakiti kwa mfuko wa nailoni, kwa kuwa miche iliyokulia chupani haijazoea upepo na hukauka ikiwekwa wazi ghafla.

"Sasa mnawafungia tena!" alisema Mbeti.

"Tutawafungulia kidogo kidogo, Mwaitu," alisema Kathini. "Na safari hii wewe ndiye utakayefungua."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Barabara ya Kangundo ilipofunguliwa, Mbeti alikataa kuondoka. Kila asubuhi alitoboa mifuko tundu moja, akachungulia, akazungumza na miche kwa Kikamba. Ilianza kufa. Baadhi ililala siku za kwanza, mingine ikaoza shingoni, na kila mmoja uliokufa Mbeti aliutoa kimya kimya na kuuzika kando ya ukuta. Kathini alikuwa akirudi jioni akiogopa kuuliza. Kisha siku moja alimkuta mama mkwe wake amekaa kizingitini, uso umekunjuka.

"Njoo uone," alisema. "Mche huu una jani jipya. Halikutoka chupani hili. Limezaliwa hapa."

Miche iliyopona ilitosha kujaza karai moja. Karibu yote ilikuwa migomba. Mihugu ilikuwa michache, lakini ilisimama wima, na majani yake magumu yaling'aa.

Mvua ilipokwisha na paa likatengenezwa, Khalayi alirudia jaribio lake kama alivyosema, mara mbili. Kwa migomba jibu lilibaki lile lile: lanthani kidogo iliongeza mizizi, nyingi iliidumaza. Kwa muhugu hakupata uhakika. Mara moja rafu ya pili ilishinda wazi, mara nyingine ilikaribiana na ile isiyo na kitu. "Sijui bado," alimwambia Kathini, "na sitasema najua." Lakini tangu siku hiyo chupa za Ijumaa hazikumwagwa tena. Zilikuwa za muhugu, rasmi, na Kathini alipewa rafu yake mwenyewe karibu na dirisha.

Mwangangi aliwaleta wenzake wa bandani kuiona miche kabla haijasafirishwa. Waliizunguka, wanaume wazima wenye vumbi la mbao kwenye nyusi. Mmoja wao, mzee Maingi, aliinama akanusa jani.

"Huu utachongwa lini?"

"Sisi tukiwa tumeshasahaulika," alisema Mwangangi.

"Basi atakayeuchonga asiharibu," alisema Maingi, na wote wakacheka.

Waliipanda mihugu Kangundo mwezi wa nne, kwenye shamba la Mbeti, kwenye mteremko ulio nyuma ya zizi. Kadija alikwenda nao akiwa na sufuria ya pilau mapajani, akisema hajawahi kuona mti ukifanyiwa arusi na hataki kukosa. Mbeti aliamuru mashimo yachimbwe wapi na kwa kina gani, akakataa mawili na kuyafanya yachimbwe upya. Mwangangi alichimba bila kubisha. Kathini alikaa chini, akachana pakiti ya maziwa kwa kisu, akatoa udongo mzimamzima na mizizi iliyoushika pande zote, akaushusha shimoni, na mumewe akafukia kwa viganja.

Baadaye mbuzi wa jirani alikula mmoja, na kiangazi cha tisini na tisa kikakausha mwingine ingawa Mbeti aliumwagilia maji ya kuoshea vyombo. Iliyosalia ilikua polepole, kama muhugu unavyokua. Mwaka wa elfu mbili ulipoingia, Kathini alikwenda kusalimia sikukuu, akakuta mmoja umempita mama mkwe wake kwa kimo. Mbeti alisimama kando yake na kunyoosha mkono hewani ili aonyeshe tofauti, kisha akamwambia Kathini amletee mchanga zaidi kutoka mtoni, kwa sababu alikuwa ameshaanza kitalu chake mwenyewe cha miembe.